Maumivu Yasiyo na Picha

Jamhuri ya Afueni usiitafute kwenye ramani, haimo. Waliofika huko wanasema ni nchi nzuri, ina barabara kuu moja, kituo kimoja cha redio na wizara thelathini na tisa, na kwamba haifanani kabisa na nchi yoyote unayoijua. Mimi nimewaamini. Nawe msomaji niamini hivyo hivyo, tusije tukaitwa kujieleza.

Katika nchi hiyo kila mfanyakazi hukatwa kitu mwisho wa mwezi kwa ajili ya Bima ya Wasiojiweza. Ni bima imara sana. Tangu ianzishwe haijatetereka hata siku moja, kwa kuwa haijapata kumlipa mtu, na kila mwaka Mkurugenzi wake hupewa ngao ya uangalifu.

Stamili Mndeme alikuwa mmoja wa waliokuwa wakikatwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mbeba marobota katika Kiwanda cha Uchapaji cha Serikali, na alisifika kwa kuinua peke yake robota ambalo wanaume walikuwa wakilizunguka mara mbili kabla ya kuligusa. Jumanne moja, akiwa ameinama kuinua robota la Fomu za Kuomba Ruhusa ya Kuomba, alisikia kitu kikilia "ta!" kiunoni. Robota likaenda upande wake, naye akaenda upande wake. Tangu siku hiyo moto ulikaa kiunoni, ukawa unashuka nyuma ya paja hadi kisiginoni, unapanda tena, unashuka tena, kama karani aliyesahau alichotumwa.

Alikwenda hospitali. Akapigwa eksirei. Daktari aliinua picha dirishani, akaigeuza huku na huku, akaisifu.

"Mgongo mzuri huu, mama. Wangu mimi haufiki hapa."

"Unauma, daktari."

"Kwenye picha hauumi."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma sheria kama ilivyo, na sheria ya Afueni inasema kwamba maumivu yasiyoonekana kwenye picha ni maoni binafsi. Uhuru wa maoni umelindwa na katiba, kwa hiyo Stamili aliruhusiwa kuondoka nayo.

Kiwandani walimvumilia. Meneja alimpa siku tisini alete cheti cha Bima kinachothibitisha kwamba hajiwezi. Siku zikiisha bila cheti, atahesabiwa kuwa mtoro, na watoro wa Afueni hupelekwa Kambi ya Kurudisha Ari ya Kazi, mahali penye hewa safi, ambako ari hurudishwa kwa kuponda kokoto.

"Twende tukakichukue hicho cheti," alisema Hemedi, mumewe, aliyekuwa fundi redio. "Wenyewe si wanakukata kila mwezi? Wataona unavyotembea, watakupa."

Hemedi alikuwa fundi mzuri, lakini alikuwa na imani nyingi.

*

Jengo la Bima lina ghorofa sita na lifti moja. Mlangoni mwa lifti pameandikwa: KWA MAFAILI TU. Kitengo cha Uhakiki wa Maumivu kiko ghorofa ya nne.

Mlinzi, kijana mwenye adabu, aliwafafanulia utaratibu. "Mama akipanda ngazi kwa miguu yake, naandika hapa kwamba amepanda, na aliyepanda ghorofa nne anajiweza. Asipopanda, ombi lake halipokelewi, kwa kuwa mwombaji lazima afike mwenyewe."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Hemedi.

"Wengi hufika hapa wakashukuru, wakarudi."

Hemedi alitazama ngazi. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili na jasho limemtoka puani. Akachuchumaa. "Panda," alisema.

"Hemedi, watu wanatazama."

"Waache watazame. Panda."

Stamili akapanda mgongoni kwa mumewe, mtu mzima na gauni lake la kutokea na mkoba wake, na ngazi kwa ngazi wakaipata ghorofa ya nne. Kila hatua ilimchoma kisiginoni. Alikaa kimya ili asimtishe anayembeba.

Mhakiki Mkuu wa Maumivu aliitwa Bwana Fikirini Mashaga. Alikuwa mtu nadhifu, tai imenyooka, kalamu nne mfukoni, na alipoinuka kuwasalimu alijishika kidogo kwenye meza.

"Huyu bwana ni nani?"

"Mume wangu."

"Amekubeba kutoka chini?"

"Kutoka chini kabisa!" alisema Hemedi, akihema kwa fahari, akidhani hapo ameshamaliza kazi.

Bwana Fikirini aliandika, huku akisoma kwa sauti ili wananchi wasije wakasema serikali inafanya mambo kwa siri. "Kaya ina migongo miwili. Mmoja umehakikiwa mbele yangu kuwa ni mzima na una nguvu za ajabu. Upungufu wa kaya: asilimia hamsini." Akainua uso. "Sheria inataka hamsini na moja."

Hemedi alikaa kwenye benchi kama mtu aliyeshushwa na mzigo mzito zaidi ya ule aliopanda nao.

"Lakini tusikate tamaa," alisema Bwana Fikirini. "Tuna kipengele cha maumivu yenyewe. Dada, kwa moja mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?"

"Nane. Kuna asubuhi yanafika tisa."

Kalamu ilisimama. "Dada yangu, nane ni ya wakurugenzi. Tisa ni ya mawaziri. Kumi hatuigusi, tumemwachia Mheshimiwa Rais, siku atakayopenda kuitumia."

"Na mbeba marobota?"

"Mwisho nne."

"Lakini mimi naumwa nane."

"Unaumwa nane kwa kibali cha nani?"

Stamili hakuwa na kibali. Ikaandikwa nne, ambayo kwa mujibu wa Mwongozo ni "kero ndogo, mfano kiatu kipya." Akapewa namba ya faili, akaambiwa arudi nyumbani asubiri uchunguzi, na asibadilishe maumivu mpaka uchunguzi uishe.

*

Uchunguzi ulifanywa kisasa. Bima ilimtuma mpelelezi mwenye kamera, naye aliikuta familia ya akina Mndeme kwenye harusi ya mpwa wa Stamili, akajichanganya na wapiga picha wengine, akala pilau sahani mbili.

Kwenda harusini Stamili alijiandaa siku nne. Siku tatu alilala chali bila kushika hata ufagio ili akusanye saa moja ya kukaa kwenye kiti. Ya nne alioga, akafungwa kitambaa kiunoni, akapelekwa. Alikaa. Saa moja ikaenda vizuri. Kisha bwana harusi, kwa kiwewe na mwanga wa kamera, akaushika mkono uliokuwa jirani akauvika pete, na mkono ule ulikuwa wa shangazi yake bibi harusi, mjane wa miaka sabini, ambaye aliutazama mkono wake akasema, "Mwanangu, mbona umechelewa?" Ukumbi ukaangua kicheko. Stamili naye akacheka.

Wiki iliyofuata barua ikaja. Hemedi aliisoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni.

"'Umeonekana ukicheka kwa muda wa sekunde nne, meno kumi na moja yakiwa wazi. Picha imeambatishwa. Bodi imeshauriwa kwamba mwenye maumivu hacheki. Unatakiwa kufika mbele ya Bodi kueleza chanzo cha kicheko hicho.'"

Alimaliza, akairudia kimoyomoyo. Akaitazama picha. Ilikuwa picha nzuri. Stamili alikuwa hajapata kupigwa picha nzuri kama ile tangu walipooana.

"Lakini kweli siku ile ulicheka," alisema Hemedi taratibu.

"Nilicheka."

"Na mgongo?"

"Ulikuwa unauma."

"Wakati ule ule?"

Stamili alikuwa amelala mkekani, magoti ameyakunja juu ya mto. Daktari alikuwa ameusifu mgongo wake, serikali ilikuwa imempunguzia nane ikawa nne, na yote hayo aliyabeba. Sauti hii ya mlangoni ndiyo ilimshinda, kwa maana ilikuwa sauti ya mtu aliyempandisha ngazi.

"Hemedi," alisema, "mama yako alifariki Jumamosi. Jumapili fundi mwenzio Gogo alikuja kukupa pole, akakalia kile kiti kibovu, akaenda chini miguu juu. Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mama yako alikuwa amefufuka?"

Hemedi alibaki pale mlangoni. Aliikunja barua mara mbili, mara nne, mpaka ikakataa kukunjika. Halafu akaja, akavua kandambili, akalala kifudifudi mkekani kando ya mkewe.

"Nionyeshe yanapopita," alisema.

Stamili akaweka kidole kiunoni kwa mumewe. "Yanaanzia hapa. Hapa kama mtu ameweka pasi akaisahau." Kidole kikashuka. "Hapa yanakata. Hapa nyuma ya goti yananyamaza kidogo, unafikiri yameondoka. Halafu hapa." Akamgusa kisigino. "Hapa ni kama umekanyaga msumari, na huwezi kuinua mguu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Hemedi alilala hapo muda mrefu, uso umeelekea ukutani.

*

Bodi ya Madaktari iliongozwa na Profesa Daktari Luteni Kanali Mstaafu Kilindo, ambaye vyeo vyake viliketi kwenye kiti kimoja na yeye mwenyewe kwenye kingine. Nje, kwenye benchi la kusubiria, Stamili alimkuta Mzee Lukindo, mwalimu aliyestaafu kwa sababu mikono yake ilikuwa ikiwaka moto kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko, ingawa kwa nje ilikuwa mikono tu. Mzee aliitwa kwanza. Alitoka baada ya dakika kumi, macho mekundu.

"Wamenishika mikono, nikalia," alimnong'oneza Stamili. "Wamesema naigiza. Mwanangu, wewe usilie."

Stamili akaingia, na hakulia. Walimwinamisha, wakamnyoosha, wakamwinua mguu mpaka akaona nyota mchana kweupe. Aliuma meno akakaa kimya. Katibu akaandika: *Hakuonyesha dalili yoyote.*

Profesa Kilindo alisafisha koo. "Bodi hii, katika mapana na marefu ya hekima yake, ikizingatia uti wa mgongo kama nguzo ya mwili na mwili kama nguzo ya taifa, imetafakari, ikatafakarisha, na sasa inatamka kwamba ombi lako..."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mjumbe kutoka wizarani na bahasha yenye lakiri. Profesa aliisoma, akawapa wenzake, nao wakaisoma wakitazamana.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Bima ilikuwa inatimiza miaka kumi, na kwenye sherehe Waziri alitaka kuonyesha mgonjwa mmoja aliyepona kwa msaada wake. Walikuwa wamepekua mafaili yote. Hapakuwa na aliyepona, kwa kuwa hapakuwa na aliyekubaliwa kuwa mgonjwa.

Profesa alisafisha koo upya. "...ombi lako limekubaliwa. Katibu, saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

"Saa nne na dakika kumi umetambuliwa rasmi kuwa hujiwezi. Pole sana." Akangoja kidogo, akiitazama saa ya ukutani. Wajumbe nao wakaitazama. "Saa nne na robo. Umepona. Hongera sana."

"Sijapona," alisema Stamili.

"Mama, usiwe na haraka, ndiyo kwanza umepona, utazoea. Jumamosi utapanda jukwaani useme maneno haya matatu: nilikuwa naumwa, nimepona, ahsante Bima. Jumatatu utarudi kiwandani."

*

Ukumbi wa Shangwe ulijaa. Waliokataliwa na Bima waliletwa kwa malori kuja kupiga makofi, Mzee Lukindo akiwa safu ya tatu na mikono yake ameificha ndani ya koti. Hemedi alipewa nafasi nyuma kabisa, karibu na nguzo. Redio ya Taifa ilikuwa inatangaza moja kwa moja.

Stamili alisimamishwa jukwaani pembeni ya Waziri, aonekane. Waziri akaanza kuhutubia. Alieleza asili ya uti wa mgongo tangu enzi za mababu. Alieleza adui watatu wa taifa, akaongeza wa nne na wa tano. Ilipotimia saa moja alisema, "Kabla sijaanza," na Stamili akahisi mguu wa kushoto unakufa ganzi, kama si wake. Moto ulikuwa umepita nane. Ulikuwa umeingia kwa mawaziri.

"Sasa mumsikie mwenyewe!" alinguruma Waziri, akampa kipaza sauti.

"Nilikuwa naumwa," alisema Stamili.

Makofi.

Akafungua mdomo kwa neno la pili. Akamtafuta Hemedi, akamwona kule nyuma amesimama kwenye ncha za vidole, ameshika nguzo, uso umejikunja kama kwamba mguu ni wake. Stamili akajaribu tena. Mguu ukakataa. Akapiga goti moja, akaliongeza la pili, akajishusha taratibu kwa ubavu mpaka akalala chali kwenye zulia jekundu, kipaza sauti kifuani.

"Samahani, Mheshimiwa," sauti yake ikajaa ukumbi mzima. "Endelea tu, nakusikia hapa chini. Nikisimama tena nitapasuka."

Hapakuwa na aliyecheka wala aliyepiga kofi. Waziri alitazama karatasi zake kuona kama jambo hilo limeandikwa. Halafu safu ya tatu Mzee Lukindo akatoa mikono kwenye koti, akaiweka wazi mbele yake, akateremka kwenye kiti, akalala sakafuni. Mwanamke wa pembeni yake, aliyekuwa akiumwa nyonga, akamfuata. Dereva mmoja wa lori akalala. Mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi akafungua mkanda, akaweka tarumbeta chini kwa uangalifu, akalala kando yake. Safu kwa safu wakashuka, bila kelele, wakikunja magoti na kuwekeana vichwa mapajani, kama watu waliofika kwao baada ya safari. Hemedi aliwavuka mmoja mmoja, "samahani, samahani," mpaka akafika jukwaani, akaketi, akakiweka kichwa cha mkewe pajani.

Mawaziri walilazimika kuinua suruali zao na kuruka watu ili wayafikie magari.

Mtangazaji wa redio alikuwa hewani, na katika redio ya Afueni neno *maumivu* halisomwi kabla ya kupelekwa kwa mhariri. Alikuwa na watoto wanne na kazi moja. Akavuta pumzi. "Ndugu wasikilizaji," alisema, "wananchi wamezidiwa na furaha! Wameanguka! Naona mia, naona mia tatu, wamelala chini kwa furaha!"

Rais alikuwa anasikiliza akiwa anakunywa chai. Aliguswa sana. Hapo hapo akaagiza kwamba watu walioumia kwa kuifurahia serikali yake wasiachwe bila matunzo.

*

Ndivyo ilivyozaliwa Fomu ya Ulemavu Utokanao na Furaha. Haidai picha. Wanasheria waliichunguza wakaona haiwezi kudai picha, wala mpelelezi, wala Bodi, kwa kuwa kuitilia shaka furaha ya mwananchi ni uhaini.

Bwana Fikirini aliileta mwenyewe nyumbani kwa Stamili. Aliingia polepole, akakaa kwenye kiti alichopewa na Hemedi, kizima.

"Dada, furaha yako ni ngapi?"

"Kuna kikomo kwa mbeba marobota?"

"Furaha haina daraja. Sema upendavyo."

"Nane."

Akaandika nane bila kutikisika. Hemedi alikuwa ameegemea meza yake ya kazi. "Stamili, utatia saini uongo?"

Stamili aliitazama fomu. Alikuwa amebakiwa na siku sita katika zile tisini. "Ukweli niliwapelekea mpaka ghorofa ya nne," alisema. "Wewe si ndiye uliyenibeba?" Akatia saini.

Bwana Fikirini alipiga mhuri, lakini hakuinuka. Alichezea kalamu zake nne. "Hivi," alisema kwa sauti ya chini, "unaweza kunipa na mimi ushauri kidogo? Mimi nina furaha ya goti. Mwaka wa tatu huu. Kule ofisini nashindwa kumwambia mtu."

"Ngazi unazipandaje?"

"Napanda na mafaili."

Siku hizi Stamili huenda kwenye mazoezi ya viungo Jumatatu na Alhamisi. Benchi la pale huwa limejaa. Mzee Lukindo husema furaha ya vidole ilimkosesha kula, mwanamke wa nyonga husema yake huzidi wakati wa mvua, na daktari, yule yule aliyeusifu mgongo, huuliza kila mmoja furaha inaanzia wapi na inashukia wapi, kisha huandika kila anachoambiwa.

Alhamisi iliyopita alirudi saa tisa alasiri, akajilaza kifudifudi. Hemedi alizima pasi yake ya risasi, ile ya kuunganishia nyaya za redio, akanawa mikono, akaja kumkanda kuanzia kiunoni, akifuata ile njia bila kuonyeshwa.

"Niambie ikipungua," alisema.

"Nitakwambia," alijibu Stamili, mdomo umezama kwenye mto. "Ila kafunge dirisha kwanza. Wakisikia furaha inapungua watakuja kukukamata."